Mume wangu ameshapasuliwa kichwa, sasa ukoo unagombana juu ya MRI

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ujiji, Kigoma. Mume wangu ni fundi wa mitumbwi, kazi yake iko Kibirizi, ana miaka 46. Mwaka jana alianza kuumwa kichwa kila akiamka, mara anatapika, tukadhani ni malaria. Siku moja akiwa kazini mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, akaanguka. Kwao wakasema ni mkono wa mtu, tukazungushwa huko kwa muda, sitaki kurefusha. Mwisho tukapewa rufaa, akapasuliwa Dar es Salaam, na majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa maabara yakarudi kwamba ni glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, daraja la 4, ambalo ndilo la juu.

Baada ya upasuaji akapigwa mionzi wiki 6 huku anameza vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani. Sasa yuko nyumbani, vidonge anameza siku 5 kila mwezi. Shangazi, ukimkuta barazani huwezi kusema ni mgonjwa. Anakwenda msikitini kwa miguu yake, ugali na mgebuka anakula, kijana wetu mkubwa anamfundisha kushika randa. Ni mkono wa kulia tu ambao haujarudi vizuri, na maneno mengine yanampotea. Anataka nyundo, anasema "lete kile, kile," huku anakionyesha.

Ugomvi umeletwa na picha. Alipomaliza mionzi alipigwa MRI, kile kipimo cha picha ya ndani ya kichwa, ikaonekana pale palipopasuliwa panang'aa zaidi kuliko mwanzo, na pembeni pamevimba. Ripoti imeandika kwamba huenda uvimbe umekua. Daktari akasema tusiogope, aendelee na vidonge, turudi baada ya miezi 2 apigwe nyingine. Hapo ndipo shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye anashika mambo ya fedha, akawaka. Anasema hawa wanatuchezea: karatasi inasema umekua, daktari anasema tusubiri, halafu turudi tulipe picha ileile. Safari ya kwanza tuliuza kipande cha shamba la michikichi kule Simbo. Mama mkwe anataka kilichobaki nacho kiuzwe mwanawe aende, shemeji hataki kusikia. Vikao vinakaliwa sebuleni, mume wangu yuko chumbani anasikia. Juzi usiku akaniuliza, "Shamba la watoto wangu mnaliuza ili nikapigwe picha?" Nilikosa la kumjibu.

Na yeye mwenyewe anachojua ni kwamba alikuwa na uvimbe, ukatolewa. Neno saratani hajaambiwa. Daktari aliongea na shemeji pembeni, na shemeji akatuagiza tusimwambie, atavunjika moyo.

Shangazi, nieleze ukweli hata kama ni mchungu. Hii picha ni lazima? Kuna ndugu yao muuguzi anasema mgonjwa alitakiwa apigwe MRI ndani ya siku 2 baada ya kupasuliwa, na kule alikopasuliwa hawakumpiga, walimpiga CT scan tu, ile picha ya eksirei. Ina maana tumeshaharibu? CT ya hapa hospitali ya Maweni haiwezi kutosha? Shemeji mdogo naye anasema hiyo mashine ndiyo inayochoma ubongo. Na nikikubali tusiende, kisha akazidiwa, si nitakuwa nimemuua mimi?

Mke mwenye mawazo, Ujiji

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mzee na watoto. Kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi kwenye wadi ya waliopasuliwa ubongo, kwa hiyo vikao vya sebuleni unavyovitaja navijua, na karatasi hiyo ya ripoti naijua. Nitakujibu kwa kirefu. Uamuzi wa dawa na vipimo ni wa daktari wake. Mimi nakupa maneno ya kwenda nayo kwake.

Nianze na shemeji yako mkubwa, maana hasira yake ina msingi. Mtu aliyeuza michikichi, akaletewa karatasi inayosema hivi na daktari anayesema vile, lazima aone anachezewa. Lakini hamkuchezewa.

Mionzi ikipiga mahali palipokuwa na uvimbe, pamoja na seli za saratani huumiza vijishipa vya damu vya hapo. Vijishipa vinavuja, maji yanajaa, na pale panavimba kama kidonda cha moto kinavyovimba kabla hakijaanza kupoa. Sasa ile dawa anayochomwa mshipani wakati wa MRI, yenye gadoliniamu, kazi yake ni kupenya penye mishipa inayovuja na kupang'arisha kwenye picha. Uvimbe unaorudi nao una mishipa inayovuja, nao unang'aa. Ukiweka picha moja tu mezani, kidonda cha mionzi na uvimbe uliorudi vinafanana kiasi kwamba bingwa wa radiolojia, msomaji wa picha mwenyewe, hawezi kukuapia. Zipo namna za ziada za kupiga MRI, za kupima damu inavyopita na kemikali zilizomo, nazo zinasaidia, ila hazimalizi ubishi. Kinachoumaliza mara nyingi ni muda: unapiga nyingine baada ya wiki kadhaa na kuziweka zote mbili ubavu kwa ubavu. Kidonda hutulia. Uvimbe huendelea.

Hali hii huonekana zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo baada ya mionzi, hasa kwa waliopewa mionzi pamoja na temozolomidi kama mume wako. Tafiti hazikubaliani hesabu, lakini nyingi zinaiweka kati ya mgonjwa 1 katika 5 na 1 katika 3, na hao si wachache. Ndiyo sababu mwaka 2010 wataalamu wa kimataifa wa uvimbe wa ubongo, kundi linaloitwa RANO, walikubaliana kwamba ndani ya wiki 12 baada ya mionzi isitangazwe kuwa uvimbe umerudi kwa kutazama picha peke yake, labda kiwe kimeota kitu kipya nje kabisa ya eneo lililopigwa mionzi, au kinyama kimechukuliwa na maabara imethibitisha. Waliogopa mgonjwa asije akaachishwa dawa inayomsaidia, au akafunguliwa kichwa mara ya pili bure. Yule anayeandika ripoti anaandika anachokiona kwenye kioo. Daktari anayemtibu anachanganya picha, tarehe ya mionzi, dozi ya dawa anazomeza na jinsi mgonjwa alivyoingia mlangoni. Mgonjwa anayekwenda msikitini kwa miguu na kufundisha randa, huku picha yake inatisha, ni mgonjwa ambaye daktari makini husema tusubiri. Mweleze shemeji hivyo, kwa upole, mkiwa wawili.

Kwa hiyo hii picha inayowagombanisha ndiyo itakayotoa jibu ambalo ya kwanza haikuweza. Kule kung'aa kukiwa kumetulia au kumepungua, ataendelea na vidonge, ambavyo kwa kawaida ni mizunguko 6. Kukiwa kumezidi, hakuna maana ya kuendelea kumtapisha na kumchosha kwa dawa isiyofanya kazi. Daktari ataisimamisha na kuwaeleza kilichobaki, kwa wengine ni upasuaji wa pili kama panafikika, kwa wengine mionzi tena, au dawa kama lomustini pale zinapopatikana, au tiba shufaa ya kumtuliza maumivu na kumpa siku njema nyumbani. Kila jibu lina njia yake. Mwanangu, uliniuliza kama ni lazima. Hii moja ningeipigania.

Zitakazofuata ni habari nyingine. Miongozo ya Ulaya na Marekani inataka mgonjwa wa aina hii apigwe MRI kila baada ya miezi 2 hadi 4 katika miaka ya mwanzo. Ni ratiba ya busara, imetokana na uzoefu wa madaktari wengi, kwa kuwa uvimbe huu ukirudi hurudi upesi na mara nyingi palepale ulipokuwa. Lakini waliokaa wakachambua tafiti kutafuta kama ratiba hiyo yenyewe humrefushia mgonjwa maisha wamekuta ushahidi mdogo tena dhaifu. Hata Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2018 unawataka madaktari wazungumze na mgonjwa kuhusu faida na mzigo wa kupigwa picha mara kwa mara, ikiwemo wasiwasi unaoletwa na kungoja majibu. Wale wanapanda basi la mjini kwenda hospitali. Nyinyi mnauza shamba.

Basi kila mkipewa tarehe mpya, muulize daktari swali hili mbele ya mumeo: jibu la picha hii litabadilisha nini katika tiba yake? Akikwambia "ikiwa hivi tutafanya hivi, ikiwa vile tutafanya vile," nendeni. Akikwambia hakuna tiba nyingine iliyobaki, au ipo lakini mumeo hataitaka, mnaweza kuomba picha icheleweshwe, au ipigwe tu pale dalili mpya itakapojitokeza. Daktari mzuri hakasirikii swali hilo. Wengi hushukuru mtu akiliuliza.

Nimesema "mumeo hataitaka," na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Soma tena barua yako. Shemeji mkubwa amesema, shemeji mdogo amesema, mama mkwe amesema, muuguzi wa ukooni amesema, na daktari amesema na shemeji pembeni. Mwenye kichwa hajaulizwa. Na yeye amekuuliza wewe usiku kuhusu shamba la watoto wake. Mtu haulizi hivyo kama hajaona kwamba kuna jambo kubwa linazungushwa mgongoni kwake. Amepasuliwa kichwa, amelazwa chini ya mashine ya mionzi wiki 6 pamoja na wagonjwa wa saratani, anasikia mama yake akilia sebuleni. Mnadhani mnamficha, kumbe mmemwacha alibebe peke yake bila mtu wa kuzungumza naye.

Lipo jambo jingine na lina haraka. Mkono wa kulia kulegea na maneno kupotea ni dalili za upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko usemi uliko. Uvimbe ukirudi hapo unaweza kumnyang'anya maneno, na baadaye hata uwezo wa kupima jambo na kuamua. Leo anaweza kusema anataka nini. Msingoje siku ambayo mtaketi kando ya kitanda mnabishana angependa nini, naye yupo anawatazama na hawezi kuwajibu.

Uliniomba ukweli, nitakupa wewe kwanza. Glioblastoma kwa sasa haina tiba ya kuiondoa moja kwa moja. Karibu kwa kila mgonjwa hurudi. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, ule ulioifanya mionzi pamoja na temozolomidi kuwa tiba ya kawaida, nusu ya waliopata tiba zote mbili waliishi zaidi kidogo ya miezi 14, na baada ya miaka 2 alikuwa hai karibu mtu 1 kati ya 4. Hizo ni hesabu za kundi, mumeo hayumo ndani yake kwa jina. Wapo wanaokaa muda mfupi kuliko huo na wapo wanaovuka miaka 2 na kuendelea. Lakini ni ugonjwa ambao mtu mwenye watoto wanne na shamba anastahili kuujua angali na nguvu ya kupanga mambo yake.

Usimwambie kwenye kikao. Chagua asubuhi amepumzika, watoto wamekwenda shule, mkae wawili. Anza kwa kumuuliza yeye: "Baba nanihii, wewe mwenyewe unaelewaje huu ugonjwa wako?" Umsikilize hadi mwisho, na maneno yakimpotea usimmalizie, mpe muda. Kisha muulize kama anataka ajue kila kitu au anataka wewe ujue kwa niaba yake. Wapo wanaume wenye akili timamu wanaosema "wewe jua, mimi niache nifanye kazi yangu," na hilo ni chaguo lake, liheshimu. Akitaka kujua, mwambie ni saratani, kwamba tiba inaisukuma mbali lakini yaweza kurudi, na kwamba picha inayokuja ni ya kuona vidonge vinafanya kazi au la. Tarakimu za miezi usimpe asipoziuliza. Halafu muulize kuhusu safari, kuhusu lile shamba, na kuhusu wapi angependa awe akizidiwa. Atalia, nawe utalia. Baadaye wengi wao hulala vizuri kuliko walivyolala kwa miezi.

Shemeji mkubwa usimpite. Kabla ya kuzungumza na mumeo, mfuate umwambie: "Shemeji, wewe ndiye uliyetushika mkono toka mwanzo. Ndugu yako ameniuliza kuhusu shamba na mimi siwezi kumdanganya mume wangu. Nataka tumwambie, na nataka uwepo karibu akikuhitaji." Naamini naye analibeba jambo hili vibaya; kupewa siri ya kifo cha mdogo wako kwenye korido la hospitali si jambo dogo. Akikataa kabisa, tafuta mtu mzima anayemsikiliza, imamu wenu au mzee wa ukoo, akae kati yenu. Au ngojeni daktari amweleze mkiwa wote chumbani safari hii, na wewe mwombe daktari hivyo kabla hamjaingia.

Sasa lile swali la kuua. La hasha, mwanangu. Picha haitibu mtu, inaonyesha tu. Kinachoua ni ugonjwa. Mumeo akishajua, akasema "siendi, fedha hiyo iwasomeshe watoto," nawe ukakaa naye, ukamtafutia dawa ya maumivu na mtu wa tiba shufaa, utakuwa umemtii mumeo katika jambo ambalo ni lake. Akisema "nakwenda," basi mama mkwe na shemeji hawana tena la kubishania. Kwa vyovyote, hukumu hiyo usijibebeshe.

Yale mengine nitayajibu upesi.

Ndugu yenu muuguzi amesema kweli: penye uwezo, MRI hupigwa ndani ya saa 48 baada ya upasuaji, isizidi 72, ili ionekane kama kuna kipande cha uvimbe kilichobaki. Ikichelewa zaidi ya hapo, kovu la upasuaji nalo huanza kung'aa na kuchanganya macho. Lakini kukosa picha hiyo hakujaharibu tiba yake. Mionzi na vidonge angepewa vilevile, na kwamba picha hiyo ya mapema yenyewe humwongezea mgonjwa maisha bado hakujathibitishwa kwa nguvu. Hasara mliyopata ni ya kulinganisha tu, na ile MRI ya baada ya mionzi sasa ndiyo msingi ambao picha zote zitapimwa nao. Msilaumiane kwa hilo.

CT ya Maweni ina kazi yake kubwa, nayo ni dharura. Inaonyesha haraka damu iliyovuja, maji yaliyojaa kichwani, ubongo uliosukumwa upande. Akizidiwa ghafla, CT ndiyo ya kwanza. Kwa kulinganisha kidonda na uvimbe haitoshi, na MRI hailinganishwi na CT kirahisi.

Na mashine ya MRI haichomi ubongo. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haina eksirei ndani yake. Mionzi aliyopigwa kwa tiba ni mashine nyingine kabisa, huenda shemeji mdogo amechanganya hizo mbili. MRI ina kelele za kugonga, na mgonjwa analala ndani ya tundu bila kujitikisa kwa nusu saa au zaidi. Kama anaogopa kubanwa, mseme mapema. Mseme pia kama ana chuma chochote mwilini, na apimwe figo kabla ya ile dawa ya mshipani, kwa sababu figo zilizochoka sana hazifai kupewa baadhi ya aina zake.

Wakati mnangoja tarehe, macho yako wewe ni kipimo pia. Chukua daftari. Kila Ijumaa mwambie aandike jina lake kwenye ukurasa na afunge vifungo vya kanzu mwenyewe, uangalie mkono ukoje kuliko Ijumaa iliyopita. Andika maumivu ya kichwa ya alfajiri, kutapika, usingizi uliozidi, mguu kuburuta, hasira ngeni au kusahau njia ya nyumbani. Yakizidi, usingoje tarehe ya MRI, piga simu kliniki. Kifafa kikimshika, kama siku ile mkono uliporukaruka akaanguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, mkimbize Maweni. Dawa ya kifafa, kama amepewa, asiiruke hata siku moja, na mkiwa safarini ikae mkobani mwako, isiwe kwenye begi la buti. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimkata ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu wagonjwa hawa damu yao huganda kirahisi. Homa akiwa kwenye vidonge vya temozolomidi, vilevile usiingoje, chembe zake nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, huenda zimeshuka.

Na dexa, yaani dawa ya deksamethasoni, kama anaitumia. Hii hupunguza maji kichwani na humrudishia mtu nguvu kwa siku chache hadi watu wanasema amepona. Usimwachishe ghafla kwa kuona yuko sawa au kwa kuwa vidonge vimeisha. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo, maana mwili unakuwa umezoea. Inapandisha sukari, kwa hiyo kiu na kukojoa sana vipimwe. Na siku ya MRI lazima mseme anameza dozi gani na ilibadilishwa lini. Dexa nyingi huzimisha kule kung'aa na kuifanya picha ionekane nzuri kuliko ukweli. Ikipunguzwa, picha huonekana mbaya wakati uvimbe haujasogea.

La mwisho ni fedha na njia. Kabla kilichobaki cha Simbo hakijauzwa, muulizeni daktari wake kama atakubali MRI ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mradi ipigwe kwa namna ileile na dawa ya mshipani, kisha CD imfikie. Kwa wengine hilo linawezekana, na Dodoma treni yenu ya Kigoma inapita hapohapo. Kama ana bima, ulizeni mapema kama kipimo hiki kinahitaji kibali. Kama hana, chukueni barua ya serikali ya mtaa na ya rufaa kutoka Maweni, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mnayokwenda kabla ya kufika dirisha la malipo. Mkishalipa inakuwa vigumu kuzungumza. Ile bahasha ya picha za zamani na CD zake uishike wewe mwenyewe, na kabla ya safari peleka CD kwa kijana wa stesheneri akunakilie kwenye flashi. Bila picha ya zamani, mpya itasomwa peke yake, na mtarudi kwenye ubishi uleule mliotoka nao.

Na wiki ya safari, kabla hujakata tiketi, piga simu idara ya radiolojia uulize mambo mawili: mashine inafanya kazi, na dawa ya mshipani ipo? Wakati mwingine mashine huharibika au dawa huisha, na mgonjwa wa mkoani hulijua hilo akiwa ameshafika kwenye benchi.

Shangazi